Lenzi ya 1954 Inaingia, Betri ya Juzi Haiingii

Nilipoandika kwamba nimebadilisha kamera, maswali yalinijia kwa makundi mawili. Wapiga picha wenzangu walitaka kujua ni toleo gani, nimeipata wapi, na nimenunua vikorokoro gani vya kuendea nayo. Kina mama ninaowapigia picha za harusi hawakujali toleo. Wao waliuliza picha zinakaa wapi. Nitajibu yote: kamera mpya ni Leica M10-P, imechukua nafasi ya Leica M Typ 240 yangu. Ila niseme mapema kwamba swali la kina mama ndilo lililonichagulia kamera.

Kwa msioijua kazi yangu: napiga picha Mombasa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni usiku wa kupamba. Ni usiku wa wanawake peke yao. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, bi harusi anatolewa akiwa amepambwa, na waliokuja kumtazama nao wamejipamba vilivyo. Simu siku hizi zinakusanywa kwenye kapu palepale mlangoni, au mtu anashika maikrofoni kila baada ya muda kukumbusha kwamba asionekane mtu ameinua simu. Katika ukumbi wa namna hiyo mwenye kamera ni mmoja, na macho yanayomtazama bi harusi yanamtazama na yeye. Ukiinua kamera kubwa yenye lenzi ndefu, utaona mitandio inapanda vichwani meza baada ya meza. Kamera ndogo isiyopiga kelele wala kumulika fleshi inasahaulika kabla taarabu haijakolea.

Hiyo ndiyo sababu nilianza na reinjifaina, na ndiyo sababu sijaiacha. Hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia dirisha dogo lililo kwenye kona ya juu ya kamera, na katikati ya dirisha hilo pana kipande chenye mng'ao ambamo kitu kimoja kinaonekana mara mbili. Ukizungusha lenzi, mkono mdogo wenye kigurudumu ulio ndani ya kamera, unaoegemea nyuma ya lenzi, unasukumwa, na zile taswira mbili zinasogeleana. Zikilaliana, fokasi imeshika. Kwa bi harusi mimi hutafuta mstari uliosimama: ukingo wa kipini, uzi wa jasmini uliong'inia sikioni, mshono wa mkono wa gauni. Mstari uliolala hausaidii, kwa sababu taswira zinateleza kushoto na kulia, na mstari uliolala ukiteleza juu ya mwenzake huoni tofauti yoyote. Shavu tupu ni hivyohivyo.

Faida ambayo hainiishi hamu ni kwamba dirisha linaonyesha zaidi ya kitakachoingia kwenye picha. Mistari miangavu inakuambia picha itaishia wapi, na nje ya mistari unaendelea kuona. Namwona somo akija na chetezo kabla hajaingia kwenye fremu, kwa hiyo namngojea. Mwenye kamera ya kawaida hugundua moshi wa udi ukishapita.

Biashara hii karibu yote iko mikononi mwa Leica ya Wetzlar, Ujerumani. Reinjifaina ya kwanza ya dijitali haikuwa yao hata hivyo. Ilikuwa Epson R-D1 ya 2004, ya megapikseli 6, ambayo shata yake, pazia linalofunguka na kufunga picha ikipigwa, ilibidi uivute kwa kidole kama ya kamera ya filamu. Leica walifuata na M8 mwaka 2006, kisha M9 mwaka 2009, ambayo sensa yake, kile kibamba kinachopokea mwanga, ilikuwa na ukubwa kamili wa filamu ya milimita 35. Ikaja M Typ 240, iliyotangazwa 2012, ndiyo niliyokuwa nayo mimi. Halafu M10 mwaka 2017, M10-P mwaka 2018 (kwa sehemu kubwa ni M10 ileile), M10-R ya megapikseli 40 mwaka 2020, na M11 ya megapikseli 60 mwaka 2022. Pixii ya Ufaransa nayo ipo, na inaingia lenzi hizihizi. Mwaka 2025 Leica wenyewe walitoa M EV1, M isiyo na dirisha la reinjifaina kabisa, ina kitazamio cha kielektroniki mahali pake. Sina ugomvi nayo, lakini haikuwa kitu nilichokuwa natafuta.

Mpaka 2013, mwaka 240 ilipoanza kufika madukani, kamera ya namna hii kuwa na video na skrini ya kupigia picha lilikuwa jambo la kushangiliwa. Mimi video sikuwahi kuigusa. Nilichotaka zaidi ni giza. ISO, kipimo cha wepesi wa sensa kunasa mwanga, kwenye 240 inaishia 6400, na ukumbi wa kupamba una tabia mbaya: jukwaa linawaka kama soko la Ramadhani, na meza za nyuma, wanakokaa mabibi ambao familia itawataka zaidi miaka kumi baadaye, ziko gizani. M10 inakwenda hadi 50000. Sijawahi kufika huko wala sitaki, lakini 6400 sasa ni mahali pa kufanyia kazi, si ukuta.

Nilizoziweka mezani zilikuwa M11 na M10-P. M10-R niliitoa upesi. Megapikseli 40 kwa albamu ya harusi ni mzigo wa faili tu, na mkono unaotetemeka kidogo unaonekana zaidi.

M11 ni kamera nzuri sana, nisije nikaeleweka vibaya. Ile nyeusi ina gramu 530 pekee. Betri yake ni ya mAh 1800, inachajiwa kwa waya wa USB-C, na imeacha kile kifuniko cha chini ambacho kimewakera watu tangu enzi za filamu. Shata yake ya kielektroniki inafika sekunde 1/16000. Lakini mambo mawili yalinirudisha nyuma. La kwanza ni la shata. M10 hupima mwanga kwa kusoma ule unaorudi kutoka kwenye mapazia ya shata yakiwa yamefungwa. Ukibonyeza, yanafunguka na kufunga, basi. M11 hupima kwa sensa yenyewe wakati wote, kwa hiyo shata inakaa wazi, na ukibonyeza lazima kwanza ifunge, ifunguke, kisha ifunge tena. Ni kitambo kidogo, lakini mlio unakuwa mrefu zaidi, na sikio la mtu aliyefumba macho anapakwa wanja linausikia. Ungesema basi tumia shata ya kielektroniki, isiyolia kabisa. Nayo chini ya taa za LED za jukwaani huchora milia kwenye picha.

La pili ni kumbukumbu. M11 ilitoka na GB 64 za ndani, na M11-P ya 2023 ikapandishwa hadi 256. Kwa mwandishi wa habari hilo ni jambo la heri: kadi ikiharibika, nakala ipo. Kwangu mimi ni kinyume chake. Nimesimama sana mbele ya mashangazi wa bi harusi wakati wa kufunga kazi, na mazungumzo huwa ya namna hii:

“Kadi iko wapi, mwanangu?”

“Hii hapa, shangazi.”

“Na ndani ya hicho kidude hakukubaki kitu?”

“Hakukubaki. Hii haina kumbukumbu ndani, bila kadi ni chuma tu.”

“Iwashe nione.”

Naiwasha. Skrini inaandika kwamba hakuna kadi. Shangazi anainama, anavaa miwani iliyoning'inia kifuani, anasoma, anatoa bahasha kwenye mkoba, anatia kadi ndani na kuilamba bahasha palepale mbele yangu. Siku ya kuhariri nakwenda nyumbani kwao na kompyuta yangu, tunakaa sebuleni, bahasha inafunguliwa, kazi inafanyika, na kadi inabaki kwao. Kumbukumbu ya ndani ya M11 inaweza kufutwa na inaweza kuachwa bila kutumika, najua. Lakini nikimwambia shangazi yule “ipo ila imezimwa”, harusi inayofuata ataita mtu mwingine, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo M10-P. Leica wenyewe waliitangaza kuwa ina shata tulivu kuliko M zote zilizowahi kutoka. Haina ile nukta nyekundu mbele ambayo watu huiziba kwa utepe mweusi. Ilipotoka iliuzwa dola 7,995 Marekani, na M11 ilipotoka ilikuwa dola 8,995. Hizo ni bei ambazo mtu anayelipwa kwa mafungu na familia za Mombasa anazisoma tu. Nilinunua ya mtumba, kupitia kwa shemeji yangu anayeishi Frankfurt, mtu ambaye hajui kamera hata kidogo lakini ana subira.

Mtumba wa reinjifaina hauchunguzwi kama mtumba wa kamera nyingine. Mikwaruzo si hoja. Kinachotazamwa ni kama lile dirisha bado linasema kweli. Nilimpigia shemeji kwa WhatsApp akiwa dukani.

“Shem, toka nje, elekeza kwenye mnara au nguzo iliyo mbali kabisa. Zungusha lenzi mpaka igome. Zimelaliana?”

“Zimelaliana. Ila moja iko juu ya nyingine kidogo, kama mtu aliyevaa kofia.”

“Irudishe, mshukuru, ondoka.”

Taswira ikiwa juu au chini ya mwenzake, mara nyingi kamera imegongwa mahali. Hurekebishwa, lakini mimi sijakutana na fundi wa kufanya hivyo hapa kwetu, na kuisafirisha hadi Ulaya kurudi inakula akiba yote uliyoipata kwa kununua mtumba. Ya pili, kwenye duka lingine, ilikuwa sawasawa mbali na karibu. Nilimwomba pia apige ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, nione uchafu wa sensa, na apige kwa sekunde 1/4000 nione kama shata inafunguka kwa usawa. Alifanya yote bila kuuliza kwa nini. Watu wa namna hii wakiingia kwenye familia, washikilieni.

Sasa vikorokoro, na hapa ndipo penye kichekesho cha mfumo huu wote.

Mdomo wa lenzi wa M ulizaliwa na M3 mwaka 1954, na haujabadilika. Lenzi iliyotengenezwa mwaka huo inaingia kwenye M10-P kwa mzunguko mmoja mfupi na inafokasi. Hata zile za skrubu za milimita 39, za kabla ya vita, zinaingia kwa pete nyembamba ya shaba. Zipo chache za kuangalia: lenzi za kukunja zisikunjwe ndani ya kamera ya dijitali, na Summicron, lenzi ya Leica, ile ya zamani ya masafa mawili ina matatizo yake. Lakini kwa jumla babu anaingia. Sasa fungua droo utoe vitu ulivyovinunua kwa ajili ya 240. Betri haiingii. Kitazamio cha kielektroniki cha juu hakiingii. Kile cha 240 kilikuwa ndugu pacha wa VF-2 ya Olympus, na wajanja walinunua cha Olympus kwa bei nafuu, lakini M10 inataka kingine, Visoflex. Ganda la ngozi haliingii, maana M10 ni nyembamba kwa takriban milimita 4. Kishikio cha mkono kilichounganishwa na kifuniko cha chini hakiingii. Hata kile kilenzi kidogo cha macho kinachoskrubiwa kwenye dirisha hakiingii, kwa kuwa dirisha la M10 limepanuliwa.

Kwa maneno mengine, kitu cha chuma na kioo kinaishi miaka sabini, na kitu kilichofuata umbo la mwili mmoja kinakufa pamoja nao. Nilipoliona hilo, orodha yangu ya manunuzi ilijipunguza yenyewe. Kila kikorokoro nilikiuliza: kamera hii ikiondoka, wewe utabaki?

Kilenzi cha macho hakitabaki, na bado nilikinunua kwanza kuliko vyote. Nimeshapita arobaini. Kitazamio cha M kimetengenezwa kikiwa na dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) ya -0.5, kana kwamba kila kitu kiko mita 2 mbele yako. Ikiwa miwani yako ya kuonea mbali ni +1, utahitaji kilenzi cha +1.5, si +1, kwa sababu lazima ufute ile nusu kwanza. Wengi hawalijui hili, wananunua namba ya miwani yao, halafu wanalaumu kamera. Njia isiyo na gharama ni kwenda kwa daktari wa miwani na kamera yako mkononi, umwombe akuazime vile vioo vyake vya kujaribia, ukishike kimoja kimoja mbele ya dirisha huku ukitazama herufi zilizo ukutani. Yule wa kwetu alicheka, akaita na wenzake waje waone. Dakika chache nikawa na jibu. Dirisha lenyewe la M10 linakuza mara 0.73, la 240 lilikuwa 0.68, na jicho linaweza kukaa mbali nalo zaidi. Kwa namba tu inaonekana tofauti ndogo. Kwa mtu wa miwani ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kubadilisha mwili, kuliko sensa na kuliko ISO, na nashangaa wauzaji wanaanzia na megapikseli.

Betri nilinunua za ziada bila mjadala. Ya 240 ilikuwa ya mAh 1800, ya M10 ni 1300, na wembamba ule umelipwa hapo. Ukizima skrini na Wi-Fi, moja inakufikisha mbali, lakini usiku wa kupamba haujui kumalizika. Nilinunua za kiwandani, kwa kuwa betri ya kuigiza ikivimba ndani ya kamera iliyobanwa namna hii, kuitoa ni kazi nyingine.

Kuhusu kadi: M10 ina tundu moja tu. Hili ni la kutisha kwa mtu wa harusi na sitalipamba. Dawa yangu ni kadi za GB 16, nibadilishe kwa kila hatua ya usiku, ili ikiharibika moja isiondoke na bi harusi mzima. Kila kubadilisha ni kufungua kifuniko cha chini, na kifuniko hicho ukishakitoa huna mkono wa kukishikia. Wapo wanaokitia mdomoni. Mimi nakibana kwapani, jambo ambalo kwa gauni la harusi halina heshima sana.

Jua ni habari nyingine. Kwenye harusi mchana huwa wa wanaume, lakini mimi mchana wangu ni wa Mji wa Kale, kutoka Ngome ya Yesu kufuata Ndia Kuu, na huko kanzu nyeupe na mlango wa giza huwa ndani ya fremu moja. Kwenye sensa hizi uweupe ukizidi mwanga, umekwenda, haurudi, ila kivuli kinafufuka. Kwa hiyo napima kanzu, naacha mlango uzame. Tatizo ni lenzi kufunguliwa wazi. Jua kali kwa ISO 100 linataka f/16 kwa kama 1/100. Hesabu kwenda chini mpaka f/2, unatakiwa 1/6400, na M10 inaishia 1/4000. Mwenye M11 anacheka hapa. Mimi nilinunua filta ya kijivu inayopunguza mwanga kwa hatua 3, yaani hadi moja ya nane, na f/2 ikashuka hadi 1/800. Niliichagua ya milimita 39, kwa sababu Summicron ya 50 na Voigtländer Ultron ya 35 ninayoitumia zote zinavaa 39. Ukichagua lenzi za M, tazama kipenyo cha filta kabla ya kutazama majaribio ya ukali kwenye mtandao. Lenzi nyingi ndogo za Zeiss ni 43, na ghafla unabeba seti mbili. Filta hii itabaki siku M10-P itakapoondoka.

Kuhusu lenzi zisizo za Leica: tangu 2006 lenzi za Leica zina alama sita nyuma ambazo kamera inazisoma kujua ni lenzi gani. Voigtländer hazina. Unachagua mwenyewe kwenye menyu lenzi inayokaribiana nayo, au unaacha. Mimi naacha.

Watu waliniuliza sana kama nimenunua Visoflex. Sikununua, na sababu ni hina. Picha za hina na piko hazikosi kwenye harusi yoyote, na reinjifaina haioni karibu kuliko sentimita 70. Chini ya hapo dirisha limefika mwisho, lazima utazame kupitia lenzi yenyewe. Ndiyo hoja ya wanaouza Visoflex, na ni hoja ya kweli. Lakini mkono wa bi harusi hauko hewani. Umelazwa juu ya mto mapajani, nami nimepiga magoti natazama chini. Skrini ya nyuma inatosha kabisa, ikiwa na rangi nyekundu inayoonyesha kingo zilizoshika fokasi, pamoja na pete ya kusogeza lenzi mbele kidogo kutoka kwenye mwili ili ifike karibu. Pete hiyo haina umeme ndani, ni uzi wa skrubu na chuma. Unaisogeza mpaka ua la hina lililo kwenye mfupa wa kidole liwe na kingo, unamwomba asipumue kwa nguvu, unabonyeza. Kitazamio kingenipa shingo iliyopinda na betri iliyokwisha haraka.

Badala yake pale juu, pa kuchomekea fleshi, nimeweka kishikio cha dole gumba. Ni kipande cha chuma, hakifanyi lolote ila kuzuia kamera ya gramu 660 kuteleza kwenye kiganja chenye jasho. Kusi likipumzika na Kaskazi halijaanza, Mombasa kila kiganja kina jasho. Kinaziba nafasi ya fleshi, na fleshi siitumii. Kiliponifikia kilikuwa kinacheza. Utepe mwembamba chini yake ukakituliza.

Mkanda nilitengenezewa na fundi viatu wa mtaani, kwa ngozi ya ndani ya viatu, na vipande viwili vidogo vya kukinga pete zisikwaruze mwili. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunieleza kwa nini mikanda ya dukani ni ya wizi.

Ganda la ngozi nimelikataa, na ninamshauri kila anayeishi pwani alikatae. Picha zake kwenye mtandao zinapendeza. Katika hewa yetu ngozi iliyobana chuma inanyonya jasho na chumvi, haikauki, na baada ya muda unakuta unga mweupe kwenye mshono. Ukungu huo hauna haja ya kwenda mbali kufika kwenye lenzi, na ukungu ukishakula rangi ya kioo, hata fundi akiufuta, alama yake inabaki imechorwa.

Ndiyo maana kikorokoro ninachokithamini kuliko vyote ni boksi la plastiki la kuwekea mchele, lenye mpira kwenye mfuniko na komeo nne. Ndani yake naweka silika, ile ya punje zinazobadilika rangi zikishiba maji. Nilichagua ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani, kwa sababu mabadiliko yake yanaonekana kwa jicho moja tu. Ikigeuka, naikausha kwenye oveni kwa moto mdogo, inarudi. Kamera hailali nje ya boksi, hata nikirudi alfajiri. Kwanza napuliza vumbi kwa pampu ya mpira, lenzi ikitazama chini, maana M haina mtambo wa kutikisa sensa kama kamera nyingine. Vumbi likiingia linangoja hadi ulitoe mwenyewe.

Zimebaki habari za 240. Nimeiuza kwa kijana mmoja anayeanza kupiga picha za mitaani. Alikuja akitaka mwili peke yake, nipunguze bei, nibaki na betri, chaja, kitazamio na kile kilenzi cha macho cha zamani. Nikamwambia vyote vinakwenda pamoja au haviendi, kwa kuwa kwangu havina pa kuchomekwa tena na yeye angevitafuta kwa taabu. Tulibishana bei pale Marikiti mpaka muuza kahawa akaingilia kati, akataja kiasi chake mwenyewe, nasi sote wawili tukakubali. Lenzi hakuulizia. Ana moja ya Kirusi ya skrubu, aliyoachiwa na babu yake, na alichohitaji ni ile pete nyembamba tu. Nilikuwa na mbili, nikampa moja.